Mwendo Wake, Kicheko Chake

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, kazi yake ilikuwa kusemea sinema. Ukumbi wa video ulikuwa nyuma ya gereji: kuta za mabati, mabenchi ya mbao yaliyochana sketi zetu karibu zote, na pembeni ya skrini meza ndogo yenye kipaza sauti. Hapo ndipo alipokaa. Filamu zilikuja na lugha zao, Kichina, Kihindi, Kiingereza, naye alizisema upya kwa Kiswahili palepale, picha zikiendelea. Jambazi akifoka, alifoka. Bibi harusi akilia, alilia kwa sauti nyembamba mpaka wanaume wazima wakavuta kamasi. Polisi, mtoto, farasi, mlango wenye kutu, wote walitoka kwenye koo moja.

Mtaa mzima ulimwita Chumvi, na sababu haihitaji kuelezwa. Hakuwahi kupewa filamu akaiacha ilivyo. Mfalme akitangaza vita, Chumvi alimfanya alalamikie maji yaliyokatika mtaani kwetu. Mchawi akifa, kabla ya kukata roho aliwataja majirani wasiorudisha vyombo vya watu. Tulivunjika mbavu. Watu hawakwenda kutazama filamu, walikwenda kusikiliza Chumvi ataifanya nini hiyo filamu. Mimi nilimwambia, "Shem, iko siku wenye filamu zao watakuja kukushtaki." Akanijibu, "Waje tu, shem. Nitamsemea na hakimu."

Lakini kazi yake aliiheshimu. Hakusemea filamu ambayo hakuitazama kwanza. Mchana, ukumbi ukiwa mtupu, alikaa peke yake na kikombe cha chai. Mara ya kwanza aliitazama kimya, mara ya pili akinong'ona. Alisema huwezi kupinda kitu kama hujui kilinyooka vipi. Na kwa mzaha wake wote, kuna kitu kimoja ambacho hakukitia chumvi hata punje, nacho ni habari za kifo cha mdogo wake.

Mume wangu alikuwa mtu wa boila, lile tangi kubwa la kuchemshia maji ya mvuke, kwenye kiwanda cha nguo. Mguu wake wa kushoto ulichelewa kidogo, tangu utotoni. Alikuwa na jino lililovunjika mbele, kwa hiyo alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja, na kicheko kikamtokea puani. Kofia yake aliisukuma nyuma kisogoni kama mtu aliyesahau kuivua. Pombe hakunywa. Msidhani alikuwa mcha Mungu kupita wengine, tumbo lake tu lilikataa. Siku ya harusi yetu walimlazimisha glasi moja, akatapika mpaka nikaogopa nimeolewa na mgonjwa.

Kiwanda kiliungua mchana, zamu ikiwa kazini. Moto ulianzia kwenye stoo ya pamba, na mlango mkubwa wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Wasimamizi walikuwa na mtindo huo, eti wafanyakazi wanatoroka na vitambaa. Chumvi siku hiyo alikuwa amempelekea mdogo wake chakula. Alipozunguka nyuma alikuta moshi unatokea chini ya mlango na watu ndani wanaupiga. Alilipiga kufuli kwa jiwe, halikufunguka. Akalishika kwa mkono, akalivuta, likamchoma kiganja likaacha alama. Aliwasikia. Kama alimsikia na mdogo wake, hajawahi kuniambia, na mimi sijamwuliza.

Wakubwa walikuja, wakatazama majivu, wakasema ajali haina kinga, wakaondoka. Hatukupata haki, lakini ukweli tulikuwa nao, na kwa maskini hicho nacho ni kitu. Mtaani hakuna aliyeniuliza mume wangu alikufaje. Mtu akisema "kufuli" hakuhitaji kueleza kufuli gani. Mama mkwe wangu, ambaye niliendelea kuishi naye pamoja na Chumvi, alipita kati ya watu kichwa juu, mama wa kijana aliyefungiwa ndani kazini kwake.

Miaka ikapita. Siku moja akaja mwanamke mpole, mwenye miwani na sauti ya chini, na vijana wawili wenye kamera. Ni mwongozaji wa filamu, alisema. Wanataka kutengeneza filamu ya moto wa kiwanda. "Tunataka ukweli, mama. Muda umefika ukweli usemwe."

Jamani, mngemwona Chumvi! Alivaa koti lake la pekee, joto lote lile. Mtu wa sinema kapata wageni wa sinema. Aliwaeleza kila kitu, mlango, moshi, jiwe, na alipofungua kiganja kuwaonyesha alama ya kufuli, yule mwanamke alivua miwani akafuta macho. Naamini alilia kweli. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba alilia kweli.

Mama mkwe akawapa picha ya mume wangu, ya pekee tuliyokuwa nayo. Akawapa na kofia. Baadaye akaletwa mwigizaji, kijana mzuri wa sura, mweupe wa meno. Alikaa na Chumvi uani siku kadhaa akifundishwa kuwa mume wangu. Niliwasikia dirishani. "Hapana bwana, mguu usiuburute. Huyo si kiwete. Uuchelewe tu, kama umesahau kitu nyuma." Tena: "Kicheko kitoke puani. Ziba mdomo kwanza, ndiyo ucheke. Ukicheka ndiyo uzibe, tayari umekosea."

Mimi napiga pasi nguo za watu, na siku hiyo nilikuwa na shati jeupe mezani. Kikaja kicheko. Kicheko chake hasa, kutoka uani, baada ya miaka yote ile. Nilisahau mkono wangu ulipo, shati likaungua mgongoni. Nikatoka mbio na pasi mkononi, nikaona mgongo, kofia kisogoni, mguu unachelewa. Akageuka, akawa mtu mwingine. Nilipaswa kuona aibu lakini sikuona. Nilimwomba acheke tena, akacheka tena, na Chumvi akatazama pembeni ili nilie kwa nafasi.

Basi tukakaa mkao wa kusubiri. Chumvi alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Kwenye ukumbi, katikati ya filamu za watu, alitangaza, "Ngojeni yetu! Yetu inakuja, haina haja ya chumvi!" Filamu ilipotoka ilionyeshwa kwanza mjini kwa wakubwa, hatukualikwa, tukasema wamesahau, watu wa shughuli nyingi wale. Halafu nakala ikafika kwenye ukumbi wetu, waigizaji wakisema Kiingereza ili iuzike na nje.

Mwenye ukumbi alimwita mchana aitazame kama kawaida yake. Chumvi akakataa. "Hii niitazame ya nini? Hii nimeiishi. Nitaitazama na mama, mara moja, pamoja na watu." Kwa miaka yote ya kazi ile, ndiyo filamu pekee aliyoikalia mezani bila kuijua.

Mtaa mzima ulikuja. Mama aliletewa kiti chenye mgongo kutoka nyumbani, akawekwa mbele kabisa, mimi kwenye benchi pembeni yake. Taa zikazimwa. Maandishi yakatokea, na Chumvi akayasoma taratibu, kila neno likapewa haki yake: "Hadithi hii imetokana na matukio ya kweli." Watu wakapiga makofi.

Kisha mume wangu akatokea barabarani, asubuhi, anakwenda kazini. Mguu unachelewa. Kofia kisogoni. Mama akanishika goti. Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele, "Ndiye! Ndiye mwenyewe!" Kwenye skrini mume wangu akakutana na mwenzake getini, akaziba mdomo, akacheka puani, na ukumbi mzima ukacheka na kulia kwa pamoja. Chumvi alimsemea kwa sauti ya mdogo wake, sauti ambayo hakuwahi kuitumia mbele ya watu. Hakutia mzaha hata mmoja. Nilikaa nikafikiri, kumbe haya ndiyo tuliyokuwa tunayangoja.

Mume wangu akaingia chumba cha boila. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa chupa ndani ya koti.

Kipaza sauti kikawa kimya. Kwenye skrini midomo ilienda, maneno ya kigeni yakatoka, hakuna aliyeyasema upya. Mume wangu akanywa. Akapangusa mdomo kwa kiganja kilekile cha kuzibia kicheko. Akanywa tena, akalala chini kando ya boila, sigara mkononi. Moto ukaanza. Mlango wa nyuma haukuwa na kufuli. Ulikuwa umezibwa kwa marobota ya pamba, yaliyopangwa hapo na wafanyakazi wenyewe waliokwepa kuyabeba. Na kutoka nje akaja meneja na shoka, shati limechanika, akavunja ukuta akawa anatoa watu mgongoni, mmoja mmoja.

Ndipo Chumvi akasema. "Huyu siye," alisema. "Mdogo wangu hakunywa. Jamani, hapo mlangoni pana kufuli. Mimi nimelishika."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Na kwa nini asicheke? Miaka nenda miaka rudi Chumvi alikuwa akigombana na skrini, akimkatalia mfalme, akimsuta mchawi. "Kufuli liko nje!" akarudia. "Huyo meneja hakuwepo! Tulimtafuta, hakuwepo!" Kicheko kikaenea. Mtu akapaza sauti, "Chumvi, leo umeamua kutumaliza!" Sauti ya Chumvi ikakatika, akaanza kulia kwenye kipaza sauti, wakacheka zaidi, maana hakuna aliyejua kulia kama Chumvi. Watu wananiambia nisiwalaumu. Nawalaumu. Walikuwa wanalijua lile kufuli.

Mama ndiye aliyewanyamazisha. Aliinua mkono tu, kisha akageuza kiti nusu, akamtazama mwanawe pale mezani.

"Wanasema nini?" akauliza.

"Mama, twende nyumbani."

"Nimekuuliza wanasema nini juu ya mdogo wako. Nitafsirie wanachosema wao. Unachosema wewe nakijua."

Chumvi akanitazama mimi. Sijui alitaka nimsaidie vipi. Nikatikisa kichwa kumkataza, lakini mama alikuwa bado ameinua uso wake anangoja, na mtu huyu hakuwahi kumnyima mama yake kitu katika maisha yake. Akasogeza kipaza sauti. Akatafsiri. Neno kwa neno, kama karani wa mahakama. Meneja alimtikisa mume wangu pale chini akamwambia amka, kuna moto. Mume wangu akafumbua jicho moja akasema, "Niache nilale. Moto gani?" Chumvi aliisema hiyo kwa sauti ya mdogo wake. Nilimwuliza baadaye kwa nini, akasema koo lilikuwa limeshazoea, hakuwahi hata kufikiri.

Filamu ikaisha na meneja analia mbele ya majivu. Majina yakapita. Mwisho kabisa ikaja nembo ya kiwanda, ileile iliyochapwa pembeni mwa mashuka yetu sote, na chini yake shukrani kwa ufadhili. Chumvi akaisoma na hiyo. Watu wakatoka bila kutuaga.

Kesho yake alimpigia simu yule mwongozaji. Nilikuwepo, aliweka sauti ya nje. Mwanamke akamjibu kwa upole wake uleule kwamba filamu si ushahidi, filamu ni hisia, na hadithi ilihitaji mtu mmoja wa kubeba mzigo ili watazamaji waelewe. "Lakini tumemheshimu sana," akasema. "Umeona tulivyompata? Mwendo, kicheko, kila kitu. Tusingeweza bila wewe." Chumvi akakata simu. Nilimtukana yule mwanamke kwa maneno ambayo sikujua ninayo, na simu imekatwa zamani.

Tulifikiri watu wetu hawatadanganyika. Wageni sawa, lakini watu wetu? Hapo ndipo tulipokosea. Fundi baiskeli, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu aliyesaidia kubeba maiti siku ile, alikuja kuniambia kwa nia njema kabisa, "Shemeji, usikasirike. Lakini Chumvi mwenyewe ndiye aliyemfundisha yule kijana. Kama mwendo ni wake na kicheko ni chake, hayo mengine wangeyatoa wapi?" Nilimfukuza. Lakini alichokisema yeye usoni, wengine walikisema visogoni. Kufuli likaanza kupungua midomoni mwa watu. Kwanza ikawa "wengine wanasema kulikuwa na kufuli". Halafu ikawa "ile familia inadai". Wajane wenzangu, ambao tulilia nao pamoja, wakaanza kunikwepa sokoni, kwa sababu waume zao sasa walikuwa wameuawa na wangu.

Chumvi alirudi mezani mara chache. Hakuweza tena kutania. Akawa anatafsiri kavu, watu wakapiga miayo, na mwenye ukumbi, bila ugomvi, akamtafuta mwingine. Siku hizi anapiga debe mbele ya duka la viatu. Kwa muda alizunguka akimweleza kila atakayesimama habari za mlango na jiwe na kufuli. Walimsikiliza wakitabasamu, wakingoja pa kuchekea. Alipogundua wanangoja nini, akaacha.

Na mimi? Picha haikurudi. Nilikuwa na uso wa mume wangu kichwani, wa kwangu, usiohitaji karatasi. Sasa nikifumba macho nikamwita, anakuja na mguu wake unaochelewa, anaziba mdomo, anacheka, na kiganja kikishuka naona meno meupe, mazima, ya yule kijana. Nalitafuta jino lililovunjika silioni. Nimemchukia mwigizaji wa watu ambaye pengine hakujua anachofanyishwa.

Mama hakuwahi kuizungumzia filamu ile. Hata mara moja. Mimi na Chumvi tuliuona ukimya huo kama ngome yetu. Tuliambiana kwamba angalau ndani ya nyumba hii, kwa mwanamke aliyemzaa, jina lake liko salama. Hilo tu ndilo tulilobakiwa nalo, na tulilitunza kwa kutoligusa.

Kisha mama akaanguka kitandani. Mchana mmoja nilikuwa namkanda miguu, Chumvi anamnywesha maji kwa kijiko, mama akasema, "Wale waliokufa na mwanangu, wana mama zao."

"Ndiyo, mama."

"Kila siku nawaombea. Namwomba Mungu awape moyo wa kumsamehe."

Chumvi akaweka kijiko chini. "Kumsamehe nani, mama?"

Akatutazama kwa huruma, kama vile sisi ndio wagonjwa. "Kijana alikuwa mdogo," akasema. "Kazi ya joto, peke yake mle ndani. Mtu anaweza kupotea."

"Mama, hakunywa." Hiyo ilikuwa sauti yangu. "Mimi ni mke wake. Nisingejua?"

"Ungejua, mwanangu. Na usingesema. Ndivyo mke mwema anavyofanya." Akamgeukia Chumvi aliyekuwa amefungua mdomo. "Na wewe ndugu yako ulimpenda. Hata mimi ningekuwa wewe ningesema nimeliona hilo kufuli. Msijisumbue tena, wanangu. Mimi nilishamsamehe siku ileile, palepale kwenye kiti. Na nyinyi msameheni. Mtamsamehe?"

Pumzi zilikuwa zinamwisha, na macho hayakututoka. Chumvi alinitazama. Tulikuwa wawili tu waliobaki duniani wanaojua, na mama alikuwa anataka jibu ili alale.

"Ndiyo, mama," tukasema.